Gogo la Vua Viatu

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, kabla minara ya simu haijapanda mlimani, palikuwa na kijiji kilichoitwa Ilundo. Kijiji kilikaa juu, mji ulikaa chini, na katikati palikuwa na kilometa thelathini na nne za barabara ya udongo. Wakati wa masika gari halikupita. Baiskeli ilipita.

Barabara hiyo ilivuka milima mitatu, na kila mlima ulikuwa na jina. Ukitoka mjini ulianza na Salimia, kwa sababu hapo bado una pumzi ya kumsalimia unayekutana naye. Ulifuata Usiseme, kwa sababu hapo pumzi ya maneno huna tena. Wa mwisho, ulio mlangoni mwa kijiji, ni Vua Viatu. Hapo tope hung'ang'ania viatu mpaka uvitundike shingoni na kupanda kwa vidole vya miguu. Vua Viatu ina kona kumi na nne. Huhesabiwa kutoka chini: ya kwanza iko darajani, ya kumi na nne iko kileleni. Zishikeni kona hizo, mtazihitaji.

Kupanda Vua Viatu ni shida ya miguu. Kuteremka ni shida ya roho. Raba mpya za breki ziliisha kabla ya kona ya saba, na aliyejaribu kukanyaga tairi kwa ndala alifika chini bila ndala. Kwa hiyo watu wa Ilundo waliteremka na gogo. Lilikuwa gogo la mkaratusi, refu hatua mbili, zito kama debe la mahindi, limetobolewa tundu la kamba upande mmoja. Ulilifunga nyuma ya keria, likaburuzika, likakuvuta mgongo kama mzazi anavyovuta shati la mtoto asikimbilie barabarani. Ukifika darajani ulilifungua na kuliacha ukingoni.

Ukirudi, ulilipandisha. Umechoka, unalipandisha. Una mzigo, unalipandisha. Mvua inanyesha, unalipandisha. Kesho yuko mwingine anayetaka kuteremka. Watoto wa Ilundo waliyajua maneno haya kabla hawajajua kuendesha: gogo halilali bondeni.

Kileleni palikuwa na kisiki cha mwerezi, na kando ya kisiki palikuwa na jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi mbili. Ukichukua gogo, unaweka jiwe juu ya kisiki. Ukirudisha gogo, unaliondoa jiwe. Ukungu wa pale ni mzito kiasi kwamba mtu huuona mkono wake na asiuone mguu wake. Basi mtu alipapasa kisiki kwanza. Jiwe lipo: gogo liko chini, teremka kwa miguu ukiikokota baiskeli. Jiwe halipo: gogo liko majanini, lipapase, lifunge, uende.

Na palikuwa na adhabu. Mtu akifa kwenye mteremko kwa kukosa gogo, aliyesababisha alibeba gogo begani kila siku ya soko kwa mwaka mzima, kushuka na kupanda, na mwaka huo hakugusa baiskeli wala hakusalimiwa njiani. Na aliyemtaja mbebaji hakuwa baraza. Alikuwa mfiwa.

Sasa nisikilizeni.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, saa kumi na mbili na dakika chache, Sekela alikuwa anachuma majani ya maboga nyuma ya nyumba yake. Binti yake Bupe, mwenye miaka miwili na miezi minne, alikuwa anamfuata. Bupe akakanyaga kifutu, na nyoka akamwuma juu ya kifundo cha mguu.

Wakamwita Tusekile. Tusekile alikuwa nesi mstaafu, mke wa Lugano fundi baiskeli. Akautazama mguu, akachora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofika, na baada ya robo saa akachora mwingine juu yake.

"Msimbebe," alisema. "Mguu huu usichezeshwe. Dawa iko zahanati ya mjini. Ni ya maji, inakaa kwenye barafu. Ikipata joto ni maji ya kunawa. Hapa sindano ninayo, mikono ninayo. Nani ana miguu?"

Mumewe Sekela alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chai. Lakini Sekela alikuwa na kaka yake, Gwakisa, ambaye kazi yake ilikuwa kusafirisha viazi kwa baiskeli, na ndiye aliyewalisha wote wawili.

"Kaka," Sekela alimwambia, "nenda. Chochote utakachokikuta njiani kiache, hata kama ni mimi."

Gwakisa akapanda baiskeli saa moja kasoro robo. Kileleni akafunga gogo, akaweka jiwe juu ya kisiki, akateremka Vua Viatu. Akapanda Usiseme upande wa nyuma, akaivuka Salimia, akafika mjini saa nne. Nesi wa zamu akaisoma barua ya Tusekile mara mbili, akaingia ndani, akatoka na boksi la bluu lenye barafu. Ndani mlikuwa na vichupa viwili.

"Sikiliza, kaka," nesi alisema. "Boksi la chanjo ninalo hili moja tu. Kesho ni siku ya kliniki, kina mama wanakuja kutoka vijiji sita. Saa tatu asubuhi nilione hapa."

"Utaliona, dada."

Akaondoka saa tano kasoro.

Kwenye Salimia aliwapita watu saba bila kumsalimia hata mmoja, na mzee mmoja akamwuliza kwa nyuma kama siku hizi salamu zinanunuliwa. Kwenye Usiseme mvua ilimshika. Baiskeli ya Ilundo haina gia. Ina miguu. Pale alipoweza kukanyaga, alikanyaga akipinda huku na huku kama anayeshona barabara, kushoto ukingoni, kulia ukingoni. Pale aliposhindwa, alishuka, akaweka kifua juu ya usukani, akasukuma. Boksi alilifunga mgongoni kwa kanga ya Sekela, kwa sababu keria ilirukaruka na vichupa ni vya kioo. Tangu asubuhi alikuwa amekula kiazi kimoja.

Alifika darajani, chini ya Vua Viatu, saa tisa. Gogo lilikuwa pale pale ukingoni alipoliacha asubuhi. Akalitazama. Kupanda bila gogo ni saa mbili. Kupanda na gogo ni saa tatu na nusu, na hiyo ni kwa mtu aliyekula.

Wakati huohuo Ambokile akatokea nyuma yake, akisukuma baiskeli yenye mfuko wa chumvi na katoni ya sabuni. Ambokile alikuwa kijana wa Ilundo, mwenye kiduka karibu na kanisa.

"Gwakisa, umeiba ng'ombe wa nani?" Ambokile alisema. "Nakuita tangu Usiseme, unakimbia tu."

"Bupe kaumwa na kifutu. Dawa ninayo mgongoni." Gwakisa alikuwa anahema. "Nipandishie gogo, mdogo wangu. Leo tu."

Ambokile akalitazama gogo, akautazama mfuko wake wa chumvi.

"Nenda," akasema. "Nitalipandisha."

Gwakisa akavua viatu, akavitundika shingoni, akaenda. Ambokile akalipandisha gogo juu ya chumvi, akalifunga, akaanza kusukuma nyuma yake. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kona ya tano akapumzika. Kona ya saba akapumzika tena.

Kona ya tisa akamkuta Gwakisa amekaa kwenye tope, miguu ameinyoosha mbele, misuli ya mapaja imejikunja kama ngumi. Boksi alikuwa amelipakata.

"Siwezi kusimama," Gwakisa alisema. "Nimejaribu mara tatu."

"Nipe nilipeleke mimi."

"Sitaki kulitoa mikononi. Nisukume."

Gwakisa hakuwa mtu wa kubishana naye saa hiyo, na hapakuwa na muda. Ambokile akalaza baiskeli zote mbili majanini. Akalaza chumvi, akalaza sabuni, akalaza gogo. Akamwinua Gwakisa kwa makwapa, akamwekea mikono kiunoni, akamsukuma mlimani kama watu wanavyosukuma gari lililozimika. Kona ya kumi. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili walianguka wote wawili, na Gwakisa akaangukia mgongo ili boksi lisiguse chini. Ya kumi na tatu. Ya kumi na nne.

Kileleni, penye kisiki, Ambokile aliinama pembeni akatapika. Gwakisa akashika kisiki asianguke. Na mkono wake, mkono uliofika pale kutoka chini kwa miaka kumi na miwili, siku tatu kila wiki, ukafanya ulichokizoea. Ukaliondoa jiwe, ukaliweka chini. Yeye mwenyewe hakuuona mkono wake.

Saa kumi na moja na robo Tusekile akaipokea dawa. Mistari ya kalamu kwenye mguu wa Bupe ilikuwa imefika tisa, na wa mwisho ulikuwa pajani. Akamchoma. Akakaa naye. Giza lilipoanza kuingia, Bupe alifungua macho akaomba uji.

Watu waliimba. Ambokile alitaka kumwambia mtu habari za gogo, lakini kila aliyemgeukia alimkumbatia. Akasema moyoni: kesho alfajiri nitalifuata mwenyewe.

Tusekile akaosha boksi la bluu, akalikausha.

"Hili lifike saa tatu," alisema. "Kuna watoto sitini wanalisubiri kule."

Gwakisa akajaribu kusimama, miguu ikakataa.

"Kaa chini, shujaa," alisema Lugano, mume wa Tusekile. "Wewe umelileta, mimi nitalirudisha. Au unafikiri fundi anajua kutengeneza baiskeli za watu tu?"

Hakuuliza habari za gogo. Aulize ya nini? Jiwe liliwekwa kwa kazi hiyo.

Lugano aliondoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo. Ukungu ulikuwa umelala. Akapapasa kisiki. Jiwe halipo. Akapapasa majanini, akalikuta gogo, akalifunga.

Sasa gogo hilo lilitoka wapi?

Magogo ya Ilundo yalikuwa matatu, moja la kazi na mawili ya akiba. Masika ya mwaka ule moja lilioza likachomwa. La pili ndilo lililolala kona ya tisa. La tatu lilipata ufa penye tundu la kamba. Mtunzaji wa magogo alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee Kasyupa, mwenye ugonjwa wa kifua. Desturi ilimtaka alichome gogo bovu siku ileile anayouona ufa. Aliliwasha moto mara mbili, na mara mbili mvua ikauzima. Akalisukuma kwa mguu pembeni ya kisiki, akasema likikauka atalichoma.

Lugano akateremka nalo. Kona ya kumi na tatu lilimshika vizuri. Ya kumi na mbili lilimshika. Kabla ya ya kumi na moja tundu likapasuka, kamba ikarudi mikono mitupu, na baiskeli ikamkimbia chini yake.

Ambokile, aliyekuja kulifuata gogo saa kumi na mbili na nusu, ndiye aliyemkuta. Boksi la bluu lilikuwa zima. Kutoka pale alipolala Lugano hadi pale lilipolala gogo zima ni kona mbili. Ambokile alimfunika kwa shati lake, akalichukua boksi, akaiokota baiskeli yake kona ya tisa, akaikokota hadi darajani, akaivuka milima miwili mbio, akalifikisha mjini saa nne na dakika ishirini. Kina mama walikuwa bado wanasubiri.

Wakamzika Lugano. Siku ya nane wakakaa baraza kileleni, penye kisiki, na gogo la kona ya tisa likalazwa katikati. Sekela alikuja na Bupe mgongoni. Tusekile alichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa anamfunga Bupe kidonda kabla Sekela hajaondoka nyumbani, kisha akarudi kwake kunawa.

Gwakisa akasema kwanza.

"Gogo lilikuwa langu. Niliteremka nalo asubuhi, nikalikuta pale pale alasiri, nikaliacha. Na jiwe niliondoa mimi. Nilikumbuka nikiwa makaburini, mkono wangu ulipokamata udongo. Kama jiwe lingekuwepo, fundi angeteremka kwa miguu akachelewa, na angekuwa hai. Niwekeeni begani."

Sekela akasimama kabla Gwakisa hajamaliza kukaa.

"Mimi ndiye niliyemwambia aache chochote. Na asipoendesha mwaka mzima, mimi na mtoto huyu tutakula nini? Mtakuwa mmemponya Bupe kwa sindano mkamwua kwa njaa."

"Kaa, mama Bupe," alisema mzee mmoja. "Njaa yako tutaiongelea. Leo tunaongelea gogo."

Ambokile akasema.

"Mimi naona gogo si langu. Sikuteremka nalo. Nililibeba la mwenzangu kona tisa, juu ya chumvi yangu, na chumvi ilinyeshewa yote. Nililiweka chini ili nimbebe mtu na dawa. Mngependa ningelibeba gogo nikamwacha Gwakisa? Na jiwe sikuligusa. Kosa langu ni kulala usiku ule kama watu wengine."

"Uliahidi," mama yake Lugano akamwambia, kwa sauti ndogo. "Ukisema nitalipandisha, mwenye gogo ni wewe."

Ambokile akakaa chini.

Balozi Kasyupa akakohoa, akasema.

"Magogo ni ya kijiji, mimi natunza tu. Lile bovu nililiwasha mara mbili. Mnataka nibishane na mvua? Gogo zima lingekuwa mahali pake, hakuna ambaye angeligusa bovu. Na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Fundi hajui kugonga mti akasikia ufa?"

Hapo Tusekile aliongea mara ya kwanza.

"Jiwe halikuwepo, Balozi. Jiwe lisipokuwepo hatugongi. Tungekuwa watu wa kugonga kila gogo, jiwe tungeliweka la nini?"

Watu wote walijua hesabu ya kila bega. Gwakisa akibeba, nyumba ya Sekela inalala njaa. Ambokile akibeba, nani tena atakubali kumsaidia mwenzake mzigo mlimani? Balozi akibeba, kifua kile hakifiki kona ya tano, na atakayelichukua gogo pale atakuwa anachukua na maiti.

Tusekile akasogea katikati. Mikono yake bado ilinuka spiriti.

"Nina swali moja," alisema, "na ni lilelile kwa kila mmoja. Siku ile irudi, na unajua unayoyajua leo. Ungefanyaje? Balozi."

"Ningelivingirisha korongoni kwa mikono yangu, mama. Hata kama ningekohoa damu."

"Ambokile."

"Ningerudi kulichukua jioni ileile. Au ningemwambia mtu mmoja, dada nesi. Mtu mmoja tu."

"Gwakisa."

Gwakisa alimtazama Bupe mgongoni kwa mama yake. Bupe alikuwa amelala, mguu wenye bandeji unaning'inia.

"Jiwe ningeliacha juu ya kisiki," alisema.

"Sikukuuliza jiwe. Nimekuuliza gogo. Pale darajani, na unajua kwamba Lugano atakufa."

Sekela alimshika mkono, naye Gwakisa akautoa.

"Nisingelipandisha," Gwakisa alisema. "Ningeliacha palepale. Nibebesheni, nitabeba hata miaka miwili. Lakini nisingelipandisha."

Baraza likaguna. "Huyu hana haya," alisema mzee mmoja. "Mbele ya mjane."

"Mwacheni," alisema Tusekile. "Mimi ndiye niliyepima mapigo ya yule mtoto saa kumi na moja na robo. Angekuja na gogo angefika karibu saa moja, na saa moja nisingekuwa na wa kumchoma. Na boksi, ni mimi niliyesema lifike saa tatu. Ningesema saa sita, mume wangu angeteremka baada ya ukungu."

Kisha akainama, akaweka kiganja chake juu ya gogo, mahali ambapo kamba ya miaka mingi ilikuwa imelilainisha. Watu watatu waliinamisha mabega. Mmoja alikubali kosa na hakulijutia. Mmoja alilikataa na alilijutia. Mmoja aliisingizia mvua, na usiku hakupata usingizi. Na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Lazima mmoja ateremke nalo.

Tusekile akainua macho, akafungua kinywa ataje jina.

Nami nimefika kileleni, pumzi imeniishia, gogo nimelilaza mbele yenu na jiwe nimeliacha mikononi mwenu. Nyinyi mliokaa, mtajieni: je, nani alistahili kulibeba?